Kansai kwa Msafiri wa Kikazi: Miji Mitano na Vyakula Vyake

Mtu anayekwenda Japani kikazi, awe mhandisi, muuguzi, mwalimu au ofisa wa serikali aliyeitwa mafunzoni, kwa kawaida hupata siku chache zisizo na kikao wala darasa. Siku hizo ni haba, na nchi yenyewe ni ndefu: visiwa vyake vimetanda takribani kilomita 3,000 kutoka kaskazini-mashariki hadi kusini-magharibi. Anayetaka kuiona yote kwa mara moja huishia kuona vituo vya treni. Lakini lipo eneo ambako siku moja ya mapumziko hutosha kuutembea mji na kuuelewa. Eneo hilo ni Kansai, upande wa magharibi wa Honshu, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Japani.

Miji mitano ya Kansai, yaani Osaka, Kyoto, Nara, Kobe na Himeji, imekaribiana kiasi kwamba anayelala Osaka huifikia minne iliyobaki kwa treni katika muda wa saa moja hivi au pungufu. Ukaribu huo haukuifanya ifanane. Nara na Kyoto ilikuwa makao ya watawala, Osaka ilikuwa ya wafanyabiashara, Kobe ilikuwa bandari ya wageni, na Himeji ilikuwa ngome ya wapiganaji. Kazi ya kila mji ndiyo iliyojenga majengo yake, na ndiyo iliyoamua watu wake wale nini. Kwa hiyo katika Kansai kutazama na kula ni jambo moja: sahani ya mji husimulia historia ileile inayosimuliwa na kuta zake.

Jambo la kwanza ni usafiri. Msafiri ambaye kazi yake iko Tokyo hufika Osaka kwa Shinkansen, treni ya mwendo kasi iliyoanza kazi kati ya miji hiyo miwili tarehe 1 Oktoba 1964, siku chache kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Wakati huo safari ilichukua saa nne. Leo treni ya haraka zaidi huimaliza kwa takribani saa mbili na nusu. Ndani ya Kansai yenyewe treni za kawaida zinatosha. Kutoka Osaka hadi Kyoto ni nusu saa kwa treni isiyosimama kila kituo. Nara ni kama dakika 40, Kobe ni dakika 20 hadi 25, na Himeji ni saa moja. Nauli hulipwa kwa urahisi kwa kadi inayojazwa fedha. Ya Kansai huitwa ICOCA, ya Tokyo huitwa Suica, na kila moja hukubaliwa katika eneo la mwenzake. Kadi hiyohiyo hununulia maji, chai na chakula katika maduka madogo yaliyo kila mtaa.

Wageni wengi husikia pia habari za Japan Rail Pass, tiketi ya jumla ya kusafiri nchi nzima kwa siku kadhaa. Tiketi hiyo ni ya wenye ruhusa ya matembezi ya muda mfupi. Aliyeingia kwa viza ya mafunzo au ya ajira hana haki ya kuitumia. Mwezi Oktoba 2023 bei yake ya siku saba, daraja la kawaida, ilipanda hadi yeni 50,000. Safari za mwisho wa juma ndani ya Kansai hazikaribii kiasi hicho, hivyo kulipia kila safari peke yake ndiyo nafuu.

Mji wa kuanzia ni Osaka, kwa sababu uhondo wake mwingi uko jioni, na jioni ni sehemu ya siku ambayo hata mwenye kazi huwa nayo. Katika enzi ya ukoo wa Tokugawa, kuanzia 1603 hadi 1868, mabwana wa mikoa walikusanya kodi kwa mchele, na sehemu kubwa ya mchele huo ililetwa Osaka kuuzwa. Maghala yalijipanga kando ya mifereji. Katika mtaa wa Dojima, mwaka 1730, serikali iliidhinisha soko ambako wafanyabiashara waliuziana kwa mikataba mchele ambao bado haujafika ghalani, na wanahistoria wa uchumi hulihesabu soko hilo miongoni mwa masoko ya kwanza ya aina hiyo duniani. Osaka ikajulikana kuwa jiko la nchi nzima.

Pamoja na mchele zilikuja bidhaa za kaskazini. Meli za mizigo zilishuka kutoka Hokkaido kwa kuzunguka pwani ya magharibi, zikileta kombu, mwani mpana wa maji baridi. Mwani huu si ule unaolimwa Zanzibar kwa ajili ya viwanda vya ng'ambo. Kombu hukaushwa, kisha hulowekwa na kupashwa moto polepole, na baadaye huongezwa vipande vyembamba vilivyokwanguliwa kutoka kwenye samaki mkavu wa jamii ya jodari. Maji yanayochujwa ndiyo dashi, supu nyepesi iliyo msingi wa sehemu kubwa ya mapishi ya Kijapani. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo alionyesha kwamba ladha nzito ya kombu hutokana na glutameti, akaipa ladha hiyo jina la umami. Anayekula udon, tambi nene za ngano, katika mchuzi mwangavu wa Osaka, anakula matunda ya biashara ya meli zile.

Mchana wa Osaka ni wa ngome. Toyotomi Hideyoshi, aliyeiunganisha Japani baada ya vita vya muda mrefu, alianza kuijenga mwaka 1583. Jeshi la Tokugawa liliiteka mwaka 1615, nao washindi wakajenga yao mpya juu ya ile ya zamani. Mnara mkuu uliteketea kwa radi mwaka 1665, na uliopo leo ni wa saruji, uliojengwa mwaka 1931 kwa michango ya wakazi. Ndani yake mna makumbusho na lifti. Kazi halisi ya mikono ya wahenga iko chini, katika kuta za mawe. Mawe hayo yaliletwa kwa maji kutoka visiwa na pwani za Bahari ya Ndani ya Seto, na kubwa kuliko yote hukadiriwa kuwa na uzito wa zaidi ya tani 100. Mgeni mwenye saa mbili tu afaidi kuta na mahandaki kwanza, mnara baadaye.

Jua likizama, watu huelekea Dotonbori, mtaa wa mfereji uliokamilika mwaka 1615, wenye mabango ya taa, kaa wakubwa wa bandia juu ya milango, na moshi wa majiko. Hapa ndipo pa takoyaki. Uji mzito wa unga wa ngano, yai na dashi humiminwa katika chuma chenye vishimo, mfano wa kile cha vitumbua, kila kishimo hutiwa kipande cha pweza, na mpishi hugeuza kila donge kwa kijiti chenye ncha hadi liwe duara. Chakula hiki kilianza Osaka katika miaka ya 1930. Pweza wa Japani hawatoshelezi soko, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya wanaoliwa wametoka Afrika, hasa Moroko na Mauritania. Jirani ya takoyaki kuna okonomiyaki: unga, yai na kabichi nyingi iliyokatwakatwa, pamoja na nyama au viumbe wa baharini, hukaangwa juu ya bamba la chuma lililo mbele ya mlaji mwenyewe. Katika mtaa wa Shinsekai sifa ni ya kushikatsu, mishikaki midogo ya nyama, samaki na mboga iliyopakwa chenga za mkate na kukaangwa. Pale ambapo mchuzi wa kuchovya ni wa wote, mshikaki huchovywa mara moja tu, kabla ya kuumwa.

Kyoto yataka siku nzima, na siku hiyo ianze alfajiri. Mji huu ulikuwa makao ya mfalme kuanzia mwaka 794 hadi alipohamia Tokyo mwaka 1869. Katika Vita Kuu ya Pili Osaka na Kobe ziliungua vibaya kwa mabomu, lakini Kyoto kwa sehemu kubwa iliachwa. Mwaka 1945 ilikuwa imeandikwa katika orodha ya miji ya kupigwa bomu la atomiki, na waziri wa vita wa Marekani, Henry Stimson, ndiye aliyeiondoa. Hivyo majengo ya mbao ya karne nyingi bado yamesimama, na mwaka 1994 UNESCO iliyaweka maeneo 17 ya Kyoto na jirani zake katika Urithi wa Dunia.

Mahali pa kwanza ni Fushimi Inari, madhabahu ya Kishinto iliyoasisiwa mwaka 711, vituo viwili tu kutoka kituo kikuu cha Kyoto. Inari, mungu wa madhabahu hiyo, huombwa baraka za mpunga na biashara, na kwa sababu hiyo maelfu ya malango mekundu yanayopandia mlimani yametolewa na wafanyabiashara. Majina yao na tarehe zimeandikwa upande wa nyuma wa nguzo. Mlima una urefu wa mita 233, na kupanda na kushuka huchukua saa mbili au tatu. Hakuna kiingilio, wala mahali hapa hapafungwi, kwa hiyo anayefika saa kumi na mbili asubuhi hupata njia tupu.

Kutoka hapo msafiri huenda Kiyomizu-dera, hekalu la Kibudha lililo kwenye mteremko wa mashariki. Ukumbi wake mkuu ulijengwa upya mwaka 1633, na sebule yake ya nje imeinuliwa kwa nguzo za mbao kufikia mita 13 hivi, mbao zikiwa zimeunganishwa bila misumari. Upande wa kaskazini-magharibi kuna Kinkaku-ji, banda la dhahabu lililoanzishwa na mtawala wa kijeshi Ashikaga Yoshimitsu mwaka 1397. Mwaka 1950 mtawa kijana alilichoma moto, na lilijengwa tena kufikia mwaka 1955, ghorofa zake mbili za juu zikifunikwa kwa dhahabu. Mahekalu mengi hufunga milango kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni; anayeanza siku saa nne hupoteza nusu yake.

Chakula cha Kyoto hutokana na mambo mawili: mji uko mbali na bahari, na ulijaa watawa waliokatazwa nyama na samaki. Watawa walikuza mapishi ya mboga, soya na mbegu yanayoitwa shojin ryori, na hadi leo mikahawa iliyo karibu na mahekalu huuza tofu laini iliyopashwa moto katika maji ya kombu, pamoja na yuba, utando unaoenguliwa juu ya maziwa ya soya yanapochemka. Samaki waliletwa kutoka pwani ya Wakasa, upande wa kaskazini, wamebebwa mgongoni kwa njia ya milimani ya takribani kilomita 70. Walikuwa wa jamii ya vibua, na walitiwa chumvi pwani ili wasiharibike njiani. Walipofika mjini chumvi ilikuwa imekolea, wakawekwa juu ya wali wenye siki, na sushi hiyo bado ndiyo ya sherehe Kyoto. Soko la Nishiki, uchochoro uliofunikwa wenye urefu wa mita 390 na maduka zaidi ya 100, huonyesha vyote hivi pamoja: achari za mboga za msimu, samaki wakavu, tofu na viungo.

Kati ya Kyoto na Nara, kwenye reli hiyohiyo, uko mji mdogo wa Uji. Unastahili saa mbili kwa sababu mbili. Moja ni Byodo-in, hekalu ambalo Ukumbi wake wa Finiksi ulijengwa mwaka 1053, na ndio uliochorwa kwenye sarafu ya yeni 10. Ya pili ni chai. Mashamba ya Uji huzalisha matcha, chai ya kijani inayosagwa kuwa unga na kukorogwa katika maji ya moto kwa kifagio kidogo cha mwanzi. Mikahawa ya hapo huitoa pamoja na kitu kitamu kidogo, kinacholiwa kwanza ili kusawazisha uchungu.

Nara ni kongwe kuliko Kyoto: ilikuwa mji mkuu kuanzia mwaka 710 hadi 784. Ndui ilipoua watu wengi kati ya 735 na 737, Mfalme Shomu aliamuru itengenezwe sanamu kubwa ya Budha ya shaba ili nchi ipate amani. Sanamu ilizinduliwa mwaka 752, na mtawa kutoka India, Bodhisena, ndiye aliyeichorea macho. Ina urefu wa takribani mita 15. Ukumbi wa hekalu la Todai-ji unaoihifadhi uliungua mara mbili, mwaka 1180 na 1567. Uliopo ni wa 1709. Upana wake ni mita 57, pungufu ya ule wa kwanza kwa theluthi moja, na hata hivyo bado ni miongoni mwa majengo makubwa kabisa ya mbao duniani. Nje, kulungu zaidi ya 1,000 hutembea huru bustanini. Wamelindwa kwa karne nyingi kama wajumbe wa madhabahu ya Kasuga, iliyoasisiwa mwaka 768. Wauza biskuti maalumu za kuwalisha wako kila njia. Anayezionyesha bila kuzitoa huweza kusukumwa kwa pembe.

Nara nayo haina bahari, na ilikabili tatizo hilo kwa njia yake. Samaki wa chumvi huwekwa juu ya donge la wali wa siki, kisha hufungwa katika jani la mkaki, mti wa tunda la rangi ya chungwa ambalo Wajapani huliita kaki. Jani huzuia vijidudu na kutia harufu nzuri, halitafunwi. Sushi hii hudumu bila barafu, hivyo inafaa kununuliwa kituoni na kuliwa chini ya miti.

Kobe ni mji wa karne ya 19. Bandari yake ilifunguliwa kwa wageni tarehe 1 Januari 1868, na mtaa wa Kitano bado una nyumba walizojenga Wazungu juu ya kilima. Wageni hao walitaka mkate na nyama ya ng'ombe, vyakula vigeni kwa nchi ambayo tangu amri ya Mfalme Tenmu ya mwaka 675 ilikuwa imepiga marufuku kwa namna mbalimbali nyama ya wanyama kadhaa. Mwaka 1872 ikatangazwa kwamba Mfalme Meiji mwenyewe amekula nyama ya ng'ombe, na mwiko ukavunjika. Nyama inayouzwa leo kwa jina la Kobe hutoka kwa ng'ombe wa ukoo wa Tajima waliozaliwa na kulelewa mkoa wa Hyogo, na mafuta yake yametawanyika ndani ya mnofu kama nyuzi. Bei yake ni kubwa. Chakula cha mchana katika mikahawa ileile huwa nafuu kuliko cha usiku.

Kobe ina pia msikiti wa kwanza uliojengwa Japani, uliofunguliwa mwaka 1935 na jumuiya ya Waislamu wa Kihindi na Kitatari. Ulinusurika mabomu ya 1945, ukanusurika tetemeko la tarehe 17 Januari 1995 lililoua watu zaidi ya 6,400. Maduka ya chakula cha halali yako karibu nao. Kwenye bustani ya Meriken sehemu ya gati iliyovunjika katika tetemeko hilo la 1995 imeachwa kama ilivyokuwa, na makumbusho ya maafa yaliyofunguliwa mwaka 2002 hueleza mji ulivyojengwa upya. Makumbusho hayo yako jirani na kituo cha JICA, shirika la ushirikiano la Japani, ambacho hupokea wanaokuja mafunzoni kutoka nchi nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki.

Mbele ya Kobe, kwa dakika 40 za treni, iko Himeji. Ngome yake nyeupe ilikamilika mwaka 1609 chini ya bwana wake, Ikeda Terumasa, na tofauti na ya Osaka, hii ni ya mbao ileile ya awali. Iliingia Urithi wa Dunia mwaka 1993. Kwa nje huonekana ghorofa tano, lakini ndani ni sita, na nyingine moja iko chini ya ardhi, na njia ya kuifikia hupindapinda kati ya malango ili adui apotee. Ngazi ni kali na viatu huvuliwa mlangoni. Chakula cha hapa ni oden, mayai, figili na vitafunwa vya samaki vilivyochemshwa katika dashi, ambavyo watu wa Himeji huvila kwa soya yenye tangawizi.

Adabu za mezani ni chache na zafaa kujulikana. Vijiti havisimamishwi wima ndani ya wali, wala chakula hakipitishwi kutoka vijiti hadi vijiti, kwa sababu vitendo vyote viwili ni vya mazishi. Kuvuta tambi kwa sauti si kosa. Bakshishi haitolewi. Mapipa ya taka barabarani ni machache, hivyo kila mtu hubeba taka zake. Maji ya bomba ni salama kunywa.

Muislamu anahitaji kuuliza kabla ya kuagiza. Okonomiyaki na supu nyingi za tambi za ramen huwa na nyama ya nguruwe, na michuzi mingi hutiwa mirin au sake, ambazo ni pombe za mchele. Achari za Nara zinazoitwa narazuke hukaa katika masimbi ya sake. Asiyekula samaki naye ajue kwamba dashi imo hata katika sahani za mboga. Shojin ryori ndiyo salama kwake, kwani dashi yake hutengenezwa kwa kombu na uyoga.

Kalenda nayo ina uzito wake. Maua ya micheri huchanua mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, na majani ya Kyoto hugeuka mekundu mwezi Novemba. Nyakati hizo vyumba hujaa mapema. Mvua hunyesha sana Juni hadi katikati ya Julai, na Agosti ni joto la jasho. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, katikati ya Agosti na Mwaka Mpya, Wajapani wenyewe husafiri, treni hujaa, na siku za Mwaka Mpya maduka mengi hufungwa. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu.

Kwa mwenye jioni tu, Osaka inatosha. Mwenye siku moja aende Kyoto, akianza na Fushimi Inari na kumalizia Nishiki kabla ya maduka kufungwa. Mwenye siku mbili aongeze Nara, akipitia Uji. Mwenye siku tatu aunganishe Himeji asubuhi na Kobe alasiri, kwani ziko kwenye reli moja. Katika kila siku mambo mawili au matatu ya kutazama na mlo mmoja wa mahali hapo ndiyo kipimo kinachomwezesha msafiri kuujua mji na bado kurudi kazini kesho yake akiwa na nguvu.